Leteni Ndoo Kwanza

Mwezi uliopita bloku yetu ilifanya mkutano wa usafi. Mambo yalienda kama kawaida: foleni ya bomba, vyoo vilivyojaa, nani anamwaga maji machafu mbele ya mlango wa nani. Halafu nikainua mkono nikataja neno hedhi. Mzee mmoja akainuka akasema anakwenda kuswali. Ilikuwa saa nne asubuhi, labda ni Dhuha, sijui. Wengine wakainamia simu zao. Aliyenijibu alikuwa mmoja tu, kijana mwenzangu tuliyesoma naye, na ninamheshimu kwa mengi. Alisema: "Dada, hivyo vitambaa unavyotaka kuwarudishia wasichana ni mambo ya zamani ya visiwani kwenu. Sisi tunataka maendeleo. Tunataka pedi za dukani kama watu."

Kama watu. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Basi leo namjibu. Na nikimalizana naye nitageuka upande wa pili, kwa ndugu zetu wa mashirika, kwa sababu wao hivi vitambaa wamevipenda, lakini wamevipenda kwa njia inayotuumiza.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kiswahili kilikuwa na neno sodo kabla duka lolote la pwani halijauza pedi. Sodo ni kile kitambaa anachojifunga mwanamke akiwa mwezini. Siku hizi redio za Kenya zinaita sodo hata zile za plastiki. Mimi hapa ya kitambaa, inayofuliwa na kutumika tena, nitaiita sodo. Ya dukani ya kutumia na kutupa nitaiita pedi. Atakayechanganya asinilaumu.

Mamangu ni mtu wa Chovae. Kwa wasiojua, Chovae ni kimoja cha visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kisimayu ukishuka kuelekea mpaka wa Kenya, safu moja na Koyama na Chula. Vita vilipofika pwani ile mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wetu walipanda mashua wakaja Kenya, wakawekwa katika makambi ya Mombasa. Mama alikaa Jomvu. Makambi yale yalipofungwa mwishoni mwa miaka hiyo, wengine walirudishwa Somalia, wengine tukaletwa Kakuma, kutoka kwenye bahari mpaka kwenye vumbi. Nasema tukaletwa, lakini mimi nilizaliwa huku huku. Bahari naijua kwa maneno ya bibi.

Bibi ndiye aliyekuwa somo wangu nilipovunja ungo. Alikuwa akisema "mai", sio maji, mpaka anaingia kaburini. Alinieleza jinsi walivyofanya Chovae. Msichana akishaingia mwezini mara ya kwanza, somo wake humpa leso kuukuu. Sio mpya, kuukuu. Mimi nilidhani ni ubahili. Kumbe leso mpya ina wanga, inateleza, hainyonyi kitu. Leso iliyofuliwa miaka mitatu imelainika na inakunywa. Inakatwa vipande, kila kipande kinakunjwa mara tatu, kinafungwa kwenye kigwe kiunoni. Kufua kwake kuna mpango. Visiwani mai matamu ni shida, visima vingi vina chumvi chumvi, na hakuna mwanamke atakayemaliza ndoo nzima ya kisima kwa kufulia. Kwa hivyo kwanza unashuka ufukweni alfajiri, unaosha kwa maji ya bahari, ya baridi, mpaka damu iondoke. Kisha ndiyo unasuuza kwa mai ya kisima kidogo. Kisha jua, nyuma ya ua wa makuti, sio ndani ya nyumba. Zikikauka zinakaa katika kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko ambacho hakuna mtoto wala mwanamume anayekigusa.

Sasa ndugu yangu uliyesema "mambo ya zamani", hebu niambie ni kipi hapo cha kijinga. Maji ya baridi na sio ya moto, kwa sababu maji ya moto yanaipika damu ikashika kwenye nyuzi. Jua, kwa sababu jua linaua vijidudu. Chombo chenye kifuniko. Ukisoma karatasi zinazogawiwa hapa kambini, zile zenye michoro, ndiyo hayo hayo. Bibi hakuwa na karatasi.

Sitaki kupamba. Bibi huyo huyo aliniambia kwamba kitambaa kilikuwa kinahama ukitembea, kinachubua mapaja, na siku za mwanzo msichana alikuwa hatoki nje kabisa. Hakukuwa na shule ya kukosa, kwa hivyo hakuna aliyehesabu siku zilizopotea. Mimi sikuandika ili turudi huko. Sodo ya siku hizi imetatua hayo. Juu ina pamba laini au flaneli, katikati tabaka za taulo zinazonyonya, chini kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa mawili yenye vifungo vya kubana kwenye chupi. Haihami. Ukiitunza inakaa mwaka na zaidi. Kule Masaka, Uganda, kuna kiwanda kinachoitwa AFRIpads, kilianza mwaka 2010, wanawake wa pale pale ndio wanaoshona, na sodo zao zimefika katika makambi mengi ya wakimbizi. Hiyo nayo ni zamani?

Tuhesabu pesa, maana maendeleo yasiyohesabika ni maneno tu. Sokoni kwetu pakiti ya pedi 8, ile rahisi kabisa, ni shilingi 50. Siku tano, pedi tatu kwa siku, ni pedi 15, yaani pakiti mbili, shilingi 100 kila mwezi. Nyumba yenye mama na mabinti watatu ni shilingi 400 kwa mwezi, 4,800 kwa mwaka. Nani humu ndani ana 4,800 ya kutupa chooni? Bamba Chakula inanunua unga na mafuta, na hivyo haitoshi. Nimeona kina mama wakiuza unga wa mgao kwa hasara ili binti apate pakiti moja. Nimeona godoro lililoliwa pembeni ukafikiri ni panya, kumbe wasichana wawili wa nyumba ile wamekuwa wakikata sponji kidogo kidogo kila mwezi. Na nimewahi kukaa na msichana aliyevaa pedi moja kutwa na usiku, siku mbili, kwa sababu zilizobaki zilikuwa za siku za shule. Alikuwa na vidonda. Alikuwa anatembea kama mtu aliyepanda punda.

Liko baya zaidi, na nitalisema kwa sauti ya chini lakini nitalisema. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 waliohojiwa, mmoja katika kila kumi alikuwa amelala na mwanamume ili apate pesa ya pedi. Magharibi mwa Kenya ni vijijini kwa wenyeji, wenye mashamba na kuku. Hapa kwetu hatuna hata kuku. Mnaojifanya hamuelewi kwa nini muuza duka fulani ana ukarimu sana kwa wasichana wa darasa la saba, mnaelewa vizuri.

Mtu ataniambia, basi serikali na mashirika watoe pedi bure. Sawa. Tutazame serikali. Kenya iliondoa kodi ya pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria kwamba kila msichana wa shule ya umma apewe pedi bure na za kutosha. Ni sheria nzuri, naisifu. Sasa nenda kamuulize msichana yeyote wa shule mara ngapi amezipata kwa muhula. Uganda rais aliahidi pedi kwa wasichana wa shule wakati wa kampeni, na mwaka 2017 waziri wa elimu, ambaye ni mke wake, akaliambia bunge kwamba pesa hakuna. Stella Nyanzi, mwalimu wa chuo kikuu cha Makerere, alipochangisha watu wanunue wenyewe na kuusema utawala kwa maneno makali, aliishia gerezani. Tanzania waliondoa kodi mwaka 2018, mwaka uliofuata wakairudisha, wakasema bei hazikushuka. Hizo ni nchi, zina bajeti na mabunge. Sisi tuna foleni.

Pedi ya msaada ni kama mgao. Siku ikikatwa, hukuulizwa. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga mfuko wake wa misaada sote tuliona ilivyokuwa, chakula kilipungua na watu wakaandamana kwa njaa. Unadhani katika ule mwezi kuna aliyekaa ofisini akasema tupunguze vyote isipokuwa pedi? Pedi huwa ni kitu cha kwanza kukatwa, kwa sababu wanaozihitaji wanaona haya kuandamana. Lakini sodo sita zilizo kwenye kikapu cha msichana hakuna anayeweza kuzikata kutoka Washington.

Na wapo wanaorudi. Tangu mkataba wa mwaka 2013 kati ya Kenya, Somalia na UNHCR, watu wamekuwa wakirudi Kisimayu, na wengine wanavuka mpaka visiwani. Khalati yangu mmoja yuko kule. Nilimuuliza kwa simu, wasichana wa Chovae wanatumia nini sasa. Akacheka. Akasema pedi zinatoka Kisimayu kwa mashua pamoja na sukari na mchele, na kusi ikishika mashua haziendi. Kusi haina huruma na mtu aliye mwezini. Kwa hivyo pakiti zikija wanazinunua wenye jamaa Ulaya, na wengine wote wanakata leso kama alivyokata bibi. Hata hawana habari kwamba ipo ya mabawa. Nilitaka kumtumia mchoro wa namna ya kukata. Simu yake ni ya kubonyeza, haipokei picha. Nikamwelezea kwa mdomo dakika ishirini mpaka pesa ikaisha.

Halafu vyoo. Wenzangu tunaofanya kazi ya vijana hatupendi kuzungumzia vyoo, tunapenda kuzungumzia vipaji. Lakini pedi ni plastiki na pamba na ile unga unaovimba kama uji ukipata maji. Haiozi. Inatupwa kwenye choo cha shimo kwa sababu hakuna pa kuitupa pengine pa siri, na choo kilichochimbwa kitumike miaka kinajaa kabla ya siku zake. Zisizotupwa chooni zinachomwa usiku nyuma ya nyumba, na ule moshi kila mtu anaujua. Zisizochomwa mbwa wanazivuta mpaka barabarani, na hapo ndipo wavulana wanaposimama wakacheka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na hata sisi tulijifunza kwenda dukani na kikapu. Ule mfuko mweusi ambao mwenye duka alikuwa akifungia pedi usionekane, umeondoka. Pedi yenyewe ya plastiki imebaki.

Sasa aibu. Hapa nawageukia kina mama zangu, kwa adabu, maana nyinyi ndio mmenilea.

Kina mama wengi hapa hawamkatazi binti sodo. Wanamkataza kuianika. Wanasema damu ikionekana mtu atafanyia uchawi, uzazi utafungwa. Wanasema wanaume wataona, kamba ya nguo iko njiani. Kwa hivyo binti anafua usiku, gizani, kwa maji ya kikombe, anaisukuma chini ya godoro au nyuma ya sanduku, na asubuhi anaivaa mbichi. Halafu anapata muwasho, anapata harufu, na mama anasema: "Si nilikwambia vitambaa vinaleta ugonjwa?" Mama, sio kitambaa. Ni ule ubichi. Nguo yoyote ukiivaa mbichi kwa siku tano itakuwasha, hata suruali ya baba.

Kwa Waislamu wenzangu nina jambo moja. Bi Asma binti Abubakar amesimulia kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, afanye nini nguo yake ikipatwa na damu ya hedhi. Hakuambiwa aichome wala aifiche. Alielekezwa aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha aswali na nguo hiyo hiyo. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na katika Muslim, muulizeni ustadhi yeyote. Mwanamke aliuliza waziwazi, akajibiwa waziwazi, na kitambaa kilichofuliwa kikahesabiwa kitambaa safi cha kusimama nacho mbele ya Mungu. Sasa nyinyi mnaniambia hakifai kusimama kwenye kamba? Na wenzangu Wakristo wa Kongo na Burundi na Sudan Kusini wanaye yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 akagusa vazi la Yesu katikati ya watu. Hakufukuzwa.

Aliyefukuzwa ni seneta. Februari 2023, Nairobi, Gloria Orwoba aliingia katika Seneti na suti nyeupe yenye doa jekundu, akaambiwa atoke akabadilishe. Seneta! Kama mheshimiwa mwenye gari na walinzi anatolewa, mtoto wa darasa la sita atakuwa na nguvu gani? Mwaka 2019 huko Bomet msichana wa miaka 14 alitolewa darasani kwa ajili ya doa kama hilo, akaenda nyumbani, hakurudi tena duniani. Nilikuwa nimekwisha kuanza kazi hii wakati huo, na ile wiki wasichana wangu walikuja kwenye kikao wakiwa wamejifunga masweta kiunoni, wote, hata wasiokuwa na siku zao. Hatukuzungumza sana. Tulicheza karata.

Haya. Ndugu zetu wa mashirika, sasa ni zamu yenu, na najua mnasoma jarida hili kwa sababu huwa mnaniambia.

Nitasimulia kisa bila kutaja jina la shirika, na anayejijua anajijua. Walikuja na maboksi ya sodo. Nzuri, za rangi, zimeshonwa vizuri, sina neno. Wakapanga wasichana wapatao mia mbili uani kwenye jua. Picha zikapigwa, kila msichana kashika pakiti yake kifuani. Fikiria, msichana ambaye hajamwambia hata babake kwamba ameanza kuona siku zake, anapigwa picha na sodo mkononi. Mgeni mmoja akatoa hotuba kwamba huu ni ubunifu mpya. Mama mmoja wa Kibajuni aliyekuwa amesimama karibu nami akaninong'oneza: "Mpya kwa nani?" Nikajifanya nakohoa.

Kisha wakaondoka. Na ndani ya pakiti kulikuwa na sodo nne na karatasi. Ndoo hakuna. Sabuni hakuna. Kamba hakuna. Chupi hakuna! Sodo yenye mabawa inabanwa kwenye chupi, jamani. Msichana mwenye chupi moja, anayoifua usiku ikauke asubuhi, utamwambia abane wapi? Baada ya miezi mitatu wakarudi na dodoso. Wakakuta nyingine zimekuwa matambara ya meza, nyingine zinauzwa sokoni shilingi 20, nyingine ziko chini ya magodoro zimeota ukungu. Wakaandika kwamba jamii haikuupokea mradi kwa sababu za mila. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri lile dodoso. Hakuna hata mmoja aliyetaja mila. Walitaja maji.

Na nyinyi mnajua vizuri, kwa sababu mmeandika wenyewe. Kuna kitabu mnachokifuata, kile cha Sphere, toleo la mwaka 2018. Nilikisoma kwenye simu, kurasa za usafi wa hedhi. Kinasema mwanamke aulizwe kwanza anapendelea nini. Kisha apewe mita 4 za mraba za kitambaa cha pamba kwa mwaka, au pedi 15 kwa mwezi, au sodo 6 kwa mwaka. Pamoja na hizo, chupi 6 kwa mwaka. Gramu 250 za sabuni ya ziada kila mwezi. Chombo chenye kifuniko cha kurowekea. Kamba na vibanio vya kuanikia. Yote hayo yameandikwa, na yanaitwa kiwango cha chini. Sasa mtu akipunguza kiwango cha chini, kilichobaki kinaitwaje?

Maji nilipima mwenyewe nyumbani, kwa mtungi na bakuli. Sodo tatu za siku moja, kuroweka, kufua, kusuuza mara mbili, zilikula lita saba. Kitabu hicho hicho kinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku, ya kunywa, kupika, kuoga, yote. Lita saba ni karibu nusu. Katika nyumba yenye mabinti wawili wanaoingia mwezini pamoja, na mara nyingi inatokea hivyo, na bomba linafunguliwa saa chache, nani ataachiwa mtungi? Nitawaambia, maana naziingia hizo nyumba. Chai ya baba inapikwa kwanza. Halafu mtoto mdogo anaoshwa. Binti anasubiri usiku na kikombe chake, na tumerudi pale pale chini ya godoro.

Chovae walikuwa na bahari. Bahari ilichukua suuzo la kwanza bure, kisima kikabakiwa na kazi ndogo. Hapa tuna mto Tarach, ambao siku nyingi za mwaka ni mchanga. Mkitaka sodo ifanye kazi Kakuma lazima mtu alete mbadala wa bahari. Nasema kwa mzaha lakini nina maana. Lita chache za ziada kwa nyumba yenye wasichana, zihesabiwe kwenye mpango wa maji kama mnavyohesabu watu. Na kile chumba kidogo kando ya choo, chenye kiambaza cha mabati na paa wazi, ili jua liingie na macho yasiingie. Kimoja kwa kila safu ya nyumba. Ua wa makuti wa bibi ulikuwa ni huo tu, kitu cha kuzuia macho.

Na kwa nini sodo zitoke mbali? Humu kambini mafundi cherehani wako kila kona, Wakongo, Wasomali, Wabajuni, Warundi, wanashona madera na sare za shule. Uganda waliwahi kufanya. Profesa Moses Musaazi wa Makerere alibuni MakaPads, pedi za mafunjo na karatasi chakavu, na wakimbizi wa kambi ya Kyaka II ndio waliokuwa wakizitengeneza. Zile zilikuwa za kutupa, sio za kufua, lakini mnaelewa ninachosema. Pesa ilizunguka ndani. Hapa kile kitambaa cha chini kisichopitisha maji ndicho pekee hatupati sokoni. Leteni hicho kwa mita, vingine tutajua wenyewe.

Sijasema pedi zifutwe. Mama aliyejifungua juzi apewe pedi. Msichana anayesafiri siku mbili kwa basi kwenda kufanya usaili apewe pedi. Mlemavu asiyeweza kufua mwenyewe aamue mwenyewe nani amfulie na nini. Aliye hospitali, aliyefika jana kutoka mpakani hana hata sufuria, pedi. Na asiyetaka sodo kwa sababu zake tu, asilazimishwe, wala asifanyiwe hotuba. Mimi mwenyewe nina pakiti moja ya pedi kwenye mkoba kwa siku ya dharura. Sioni haya kusema.

Narudi kwako ndugu yangu wa mkutano. Uliponiambia "kama watu", nilitaka kukuuliza pale pale lakini nilikuwa na hasira: dada yako mdogo anatumia nini? Sikuulizi ili nikuaibishe. Nakuuliza kwa sababu namjua, anakuja kwenye kikao changu, na wewe hujui. Anavyotumia siwezi kukuandikia hapa. Muulize mama yako, au bora zaidi, mnunulie ndoo ya lita kumi yenye kifuniko, iko sokoni, shilingi 150 ukipatana. Huhitaji kusema ni ya nini. Iweke tu mlangoni. Na Jumamosi ukateke wewe mtungi mmoja wa ziada, kwa sababu una mabega.

Tumeanza bila kungoja maboksi. Wasichana kumi na mmoja, mashine mbili za kuazima, fundi mama mmoja wa Kikongo asiyetaka malipo ila soda. Kwa sehemu ya chini tunajaribu kitambaa cha mwavuli ulioharibika. Kinafaa kiasi, ila kinapiga kelele ukitembea, na wasichana wamecheka mpaka wakalia. Bado tunatafuta. Leso kuukuu tunazihitaji nyingi, zile mlizochoka nazo, zilizopauka, maneno yake yamefutika. Mpya msilete. Tunakutana Jumamosi baada ya Alasiri, chini ya mti ulio nyuma ya kituo cha vijana, na mwenye mkasi unaokata aje nao, wetu umekuwa butu.